Kidole Kidogo cha Mkono wa Kushoto

Kwa miaka 19 nililipwa nisisikike. Ndiyo kazi ya gitaa la hotelini. Meneja wa chakula alikuwa akipita nyuma yangu ananong'ona, "Fundi, teremsha kidogo, wageni wanaongea." Nateremsha. Saa moja ya usiku hadi saa nne, jukwaa dogo kando ya bwawa la kuogelea, Shanzu, siku sita kwa wiki. Seti ya kwanza ni nyimbo za kukaribisha wageni, na "Jambo Bwana" ya Them Mushrooms haikosi. Hao vijana wa Mombasa waliitoa mwaka 1982, na tangu hapo sijui bendi ya hoteli ya pwani iliyofunga usiku bila kuipiga. Seti ya pili rumba na bosa nova. Ya tatu, vijiko vikianza kugonga vikombe vya kahawa na nusu ya meza zishakuwa tupu, ndipo nilipoachiwa nipige nitakacho. Nami nilitaka jazi laini.

Wajuzi huicheka. Huiita muziki wa lifti, muziki wa kungojea daktari wa meno. Siwezi kuwabishia sana, mtu niliyeipiga maisha yangu mbele ya kuku wa kuchoma na saladi. Lakini gitaa lake lina ukoo. Wes Montgomery, aliyezaliwa Indianapolis mwaka 1923, alikuwa mtu wa kibarua mchana na vilabu usiku, na alipiga kwa dole gumba tupu, bila kile kiplastiki cha kukwangulia nyuzi. Husimuliwa kwamba alianza hivyo ili mazoezi yake yasiwakere majirani. Nilipoisoma habari hiyo nilicheka peke yangu. Kumbe na yeye aliambiwa ateremshe! Na kutokana na kuteremsha huko akapata ile sauti ya mviringo ambayo wapiga gitaa wote waliomfuata wameikopa bila kulipa. Alifariki mwaka 1968 akiwa na miaka 45, na miaka yake ya mwisho alikuwa akirekodi nyimbo zilizopendwa redioni, fidla zikimsindikiza nyuma. Wenye jazi yao walinung'unika, watu wakanunua.

Mimi niliingia kwa mlango wa George Benson, mpiga gitaa na mwimbaji wa Marekani. Ami yangu alikuwa baharia, na kila meli yake ikitia nanga Kilindini alishuka na kaseti, saa za mkononi na hadithi ambazo mamangu alituzuia tusizisikilize. Kaseti moja ilikuwa Breezin', ya mwaka 1976. Niliisikiliza mpaka utepe ukaanza kulia kama paka. Ina nyimbo 6. Tano ni gitaa tupu, na moja tu ndiyo aliyoimba, wimbo wa dakika 8 hivi ambao mwanzoni sauti yake inatamka noti zile zile vidole vinazopiga, huwezi kujua nani anamfuata nani. Mwaka uliofuata wimbo huo huo mmoja ndio uliochukua tuzo ya Grammy ya rekodi ya mwaka. Nyimbo tano za gitaa, na mdomo ndio uliovuka mto. Nilikuwa kijana, nikaona ni dhuluma. Leo naona ni hesabu tu: mtu akienda zake sokoni hawezi kupiga gitaa njiani, lakini kuimba ataimba.

Machi 2020 korona ikaja, hoteli zikafungwa. Aprili kaunti ya Mombasa ikafungwa pia, huingii hutoki. Meneja alinipigia simu mara moja kuniambia nichukue spika zangu kabla hazijaliwa na chumvi, na huo ndio ukawa mwisho wa miaka 19. Nikakaa nyumbani Kisauni na gitaa, watoto wananitazama kama jamaa aliyekuja kulala siku mbili akasahau kuondoka. Wiki ya tatu nikamwambia mke wangu natengeneza albamu. Nyimbo 8 za gitaa, zangu mwenyewe, nilizokuwa nikizipenyeza seti ya tatu bila mtu kujua ni zangu.

Akanisikiliza hadi mwisho. Akauliza, "Sasa sisi tutaimba nini?"

Hapo ndipo lilipozaliwa wazo la kualika waimbaji. Nyimbo tano zibaki za gitaa, tatu ziwe na wageni: bi mkubwa wa taarabu kutoka Mji wa Kale, kijana wa kwaya kutoka Likoni, na mwimbaji mmoja mwenye jina ambaye nilimpigia miaka ya nyuma alipokuwa bado hana jina. Nilikuwa na picha kichwani ya namna itakavyokuwa. Gitaa litatandika zulia, mgeni atapita juu yake, kisha gitaa litamsindikiza mlangoni. Jina langu kubwa juu ya jalada, majina yao madogo chini.

Kosa langu la kwanza nililifanya kabla hata mgeni mmoja hajafika. Nilirekodi magitaa yote mwanzo, nikiwa na mpiga besi tu na kompyuta ya kuhesabu mapigo. Kijana mwenye studio ana chumba kimoja huku huku Kisauni, kuta amezisimamishia magodoro na mablanketi, na feni lazima izimwe wakati wa kurekodi, kwa hivyo mnatoka mle kama mmeogelea. Kwa siku nne nilipiga. Mtu aliyenyamazishwa miaka 19 akipewa chumba chake na kipaza sauti chake, anajaza. Nilijaza kama aliyefunga mwezi mzima akaiona futari: kodi juu ya kodi (za gitaa, noti kadhaa zikipigwa pamoja, si zile za serikali), oktavu kama za Wes, noti na pacha wake wa juu kwa pamoja, vijisolo baina ya kila mstari, gitaa la pili likilijibu la kwanza. Kijana wa studio akasema, "Mzee, hii ni moto." Nami nikamwamini.

Nifungue mabano kidogo kwa wapiga gitaa wenzangu wa pwani. Hewa yetu ni adui. Kusi likianza na mvua za Mei zikashuka, mbao hunywa unyevu, shingo ya gitaa hupinda, na nyuzi zilizokuwa zimelala vizuri juu ya shingo hujikuta zimepanda. Nyuzi za chuma hushika kutu kwa siku chache. Nilizibadilisha mara tatu katika siku zile nne, na bado ukisikiliza kwa makini utasikia kwamba gitaa la wimbo wa pili linang'ara na la wimbo wa sita limefifia. Earl Klugh wa Detroit amejenga jina lake lote kwa nyuzi za nailoni, na zile tatu nyembamba za nailoni hazijui kutu. Angekuwa mtu wa Mombasa ningesema ni kwa busara ya bahari. Gitaa la nailoni lilinifaa kwa nyimbo mbili, na ninalo sasa karibu na kitanda. Mabano nimeyafunga.

Bi mkubwa nilimfuata kwa simu kwanza, maana ilipofika Mei Mji wa Kale wenyewe ulifungwa, na ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Akaniambia hatoi sauti ya kuimba mpaka Idi ipite, lakini kutunga hakukatazwi. Akawa ananitumia beti kwa sauti kwenye simu, moja moja, baada ya tarawehe, nyuma yake nasikia vyombo vikioshwa. Shairi la mizani 16, nane na nane, vina vya kati na vya mwisho vimekaa mahali pake. Ubeti wa kwanza ulianza hivi:

Bahari haina lango, mwenye tanga hupitia,
Moyo wangu una pingo, si kila mtu hungia.

Nilifurahi, nikahesabu. Mizani nane, mapigo manne kwa kila nusu, inaingia sawasawa kwenye muziki wangu. Hesabu ya mjinga. Mizani ya shairi ni ya kusomea. Mwimbaji wa taarabu akifika kwenye kina anaweza kukishika akakaa nacho mpaka chai ipoe.

Julai alikuja studio, barakoa usoni, chupa ya kahawa tungu mkononi na mjukuu wa kumsindikiza. Babake alikuwa mpiga udi. Amekulia kwenye harusi ambazo nyimbo za taarabu za marehemu Juma Bhalo na za marehemu Zein l'Abdin zilikuwa ndiyo hewa ya nyumba, na ana ile sauti ya watu wa zamani, nyembamba juu, nzito chini, isiyo na haraka. Nikamvalisha vipokea sauti, nikamchezea kazi yangu ya siku nne. Akasikiliza amefumba macho. Ilipokwisha akavivua.

"Mwanangu, hapa mupo wangapi?"

"Ni mimi na mpiga besi tu, Bi."

"Basi wewe peke yako u wengi."

Mjukuu akaangalia pembeni. Nikamwambia tujaribu tu, atasikia kunavyokuwa. Tukajaribu. Mstari wa kwanza haukufika mwisho akanyanyua mkono. "Pana kitu hapa chanichoma." Tukarudia. Akanyanyua mkono tena pale pale. "Wanitilia ndimu kwenye maziwa."

Nilidhani ni uzee. Nikadhani sauti imeteremka kidogo, kama inavyoteremka kwa watu wengi, nikawa natafuta maneno ya heshima ya kumwambia apandishe. Ashukuriwe Mungu sikuyapata upesi. Kijana wa studio alinyamazisha gitaa langu lote akaacha sauti peke yake, na ile noti niliyodhani imeteremka nikaisikia ikija mara tatu, katika beti tatu, mahali pamoja, kwa kimo kile kile kama imepigiwa msumari. Mtu anayekosea hakosei hivyo.

Alikuwa anaimba Bayati, mojawapo ya ngazi za noti za muziki wa Kiarabu. Wenye udi wanaijua: ukianzia D, noti ya pili si E na si E iliyoteremshwa, iko katikati yao. Udi hauna vichuma kwenye shingo, kidole kinatua popote, kwa hivyo noti hiyo inayo makao. Gitaa lina vichuma. Kati ya kituo na kituo ni ukuta. Noti ya bi mkubwa kwenye gitaa langu haikuwa na nyumba, na mimi, katika kila mstari, nilikuwa nimeigongesha na jirani yake mkali. Maana kodi niliyoipenda kuliko zote katika jazi laini, ile inayoufanya muziki huu usikike kama jua la magharibi, ni D ndogo yenye ya tisa. Na hiyo ya tisa ni E. Iko kwenye uzi wa pili, kituo cha tano, chini ya kidole kidogo cha mkono wa kushoto.

Nikachukua gitaa nikakaa mbele yake. Nikapiga ile kodi, naye akaimba. Ndimu. Nikainua kidole kidogo, nikaunyamazisha uzi wa pili, nikapiga tena. Akaimba, na safari hii hakunyanyua mkono. Ile noti ikatua pale katikati penye nafasi, peke yake, na nikasikia nywele za mkono zikinisimama katika joto lile la magodoro.

"Naam," akasema, kama mtu aliyerudishiwa kiatu chake. "Hapo patupu ndipo pangu."

Basi kazi ya wimbo wake katika siku zile nne tukaifuta. Sikuifuta kwa moyo mkunjufu. Nililipia saa zile kwa pesa za kuuza amplifaya. Lakini ukishaisikia huwezi kurudi. Na haikuwa kidole kimoja tu: kila kodi yenye E ndani yake ilibidi itoke au ikatwe kiungo, C, A ndogo, na ile A ya saba ambayo mpiga jazi huitumia kurudi nyumbani kwenye D bila hata kufikiri. Nikabaki na nyuzi mbili tatu kwa wakati mmoja. Mkono wa kushoto ulikuwa unaniuliza kwa nini nimeufundisha yote yale.

Tukarekodi uso kwa uso, bila kompyuta ya kuhesabu. Nilimfuata kwa bega. Kila akitaka kuanza mstari bega la kulia hupanda kidogo, na hapo najua. Kipaza sauti chake kilisikia gitaa langu na changu kilisikia sauti yake, kwa hivyo mmoja akikosea wote tunarudia, hakuna cha kukata na kuunga. Mara ya kwanza nilikosea mimi. Ya pili, mimi. Ya tatu ilikuwa nzuri, ikaingiliwa na adhana ya alasiri, tukapumzika. Ya nne ikaingiliwa na kunguru, na anayeijua Mombasa anajua kwamba kunguru akishaanza hana beti, ana utenzi mzima. Ya tano ndiyo iliyo kwenye albamu. Mwishoni kabisa unasikia kiti kikilia: ni bi mkubwa anainuka kumimina kahawa.

Baada ya ubeti wa pili nilikuwa na solo yangu. Niliipiga katika mazoezi, akanikatiza.

"Hapo wajibu nini?"

Sikuelewa.

"Mimi nimesema moyo una pingo. Nimekwambia jambo. Sasa wewe wakimbia, wapanda juu, washuka, wajibu nini?"

Nilikumbuka Fundi Konde. Huyu alikuwa Mgiriama wetu, aliyezaliwa mwaka 1924, anayetajwa kuwa miongoni mwa wa kwanza Kenya kupiga gitaa la umeme, na kodi zake zina utamu ambao ukizisikiliza leo unaweza kuapa kwamba alikaa na watu wa jazi. Nyimbo zake nilizipiga hotelini kila wiki. Nilizipiga vidole tu. Sikuwahi kutazama kwamba gitaa lake linazungumza: linasubiri neno liishe, linasema lake, linanyamaza. Nilikuwa na mwalimu mkononi miaka 19, nikamgeuza kuwa kelele za kulia chakula.

Solo iliyobaki ina noti chache hata mwanangu wa darasa la sita anaipiga. Mojawapo ni E ile iliyoteremshwa, nikiivuta uzi kwa nguvu kidogo ipande robo ya njia, nikijaribu kuifikia noti yake. Siifikii sawasawa. Tuliiacha hivyo.

Kijana wa Likoni alikuwa mtihani mwingine, mwepesi zaidi. Mtaita, sauti ya tena, ile ya juu ya wanaume, iliyonyooka, amelelewa na kwaya. Wimbo niliuandika katika E, kwa sababu katika E nyuzi za gitaa zinalia wazi na mkono unastarehe. Aliuimba vizuri, shingo imemtoka mishipa. Nilipomuuliza kama kimo kinamfaa akasema, "Kinafaa, anko," kwa adabu ya kwaya. Mpiga besi ndiye aliyenivuta nje. "Huyu mtoto anakuheshimu, atakufa na E yako." Tukateremsha hatua mbili, tatu, na katika D flati sauti ikafunguka kama dirisha. Katika D flati gitaa halina karibu uzi hata mmoja wa kulia wazi. Kila kitu lazima ukikamate kwa kidole. Kijana wa studio alipendekeza kompyuta iliteremshe gitaa lililokwisharekodiwa. Tukasikiliza, likawa linasikika kama gitaa lililomezwa na mtu. Nikalirekodi upya. Tangu hapo kabla sijaandika hata kodi moja namuuliza mwimbaji anaamkaje, yaani asubuhi, kabla hajapasha koo, akiwa anafagia, huwa anaguna katika kimo gani. Hapo ndipo wimbo unapoanzia.

Usiku huo kafyu ilitukuta studio, tukalala mle sote watatu kwenye yale magodoro ya ukutani. Asubuhi tukala mahamri na mbaazi, kijana akaimba bila kunawa uso, na hiyo ndiyo tuliyoichukua.

Wa tatu, yule mwenye jina, nitampitia haraka. Hakuja. Alitaka nimtumie gitaa, arekodi sauti kwake Nairobi, anirudishie. Sauti ilirudi ikiwa nzuri, sitasema uongo. Karatasi hatukuandikiana, mtu niliyemnunulia viazi karai akiwa hana nauli, nitamtolea karatasi vipi? Miezi miwili baadaye wimbo ukawa kwenye chaneli yake, jina lake, na mimi nimeandikwa chini kama mtengeneza mdundo. Nilipompigia alisema kwa mshangao wa kweli kabisa kwamba maneno ni yake, na bila maneno hakuna wimbo. Hapo ndipo nilipoisoma Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, kitu ambacho ningepaswa kukisoma kabla ya kuuza amplifaya. Utunzi ni kitu kimoja na rekodi ni kitu kingine, kila kimoja kina mwenyewe. Aliyetunga maneno na aliyetunga muziki wote wana haki katika utunzi, na haki hiyo inaishi miaka 50 baada ya mtunzi kufa, kwa hivyo ugomvi wetu tunaweza kuwaachia wajukuu. Tulisuluhishwa na mtu mzima anayetujua wote. Wimbo umebaki kwake na kwangu, jina langu limepandishwa mstari mmoja. Hatupigiani simu.

Kwa bi mkubwa na yule kijana nilikwenda na karatasi baada ya hapo, ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, nani ametunga nini na mgao ni upi. Nilikuwa na haya. Bi mkubwa aliusoma wote kwa miwani, akachukua kalamu, akaniuliza kwa nini nimechelewa kuuleta.

Kuchanganya sauti kulichukua wiki mbili za mabishano. Kijana wa studio ana spika nzuri, na kwenye spika nzuri gitaa langu lilikuwa mfalme. Nikamwambia tutoke. Tukapanda tuktuk pale Kongowea, nikampa dereva simu aunganishe na redio yake, tukaenda hadi Bamburi na kurudi. Injini ya tuktuk inakula sehemu yote ya chini ya muziki. Besi ikapotea, nusu ya gitaa ikapotea, sauti ya bi mkubwa ikabaki imesimama peke yake katikati ya honi. Kijana wa studio akanitazama usoni kwa huruma, akadhani nitaumia. Dereva hakusema kitu mpaka tulipofika. Alipozima injini alikuwa bado anaguna ule mstari wa pingo. Nikamwambia kijana gitaa literemshwe zaidi.

Jalada nalo lilibadilika. Majina yote sasa yako mstari mmoja, kwa herufi za ukubwa mmoja, kwa mpangilio wa nyimbo. Mke wangu alisema langu limepotea. Nikamwambia liko, alitafute.

Sidii nilichapisha 300, jambo ambalo vijana walinicheka kwalo, na bado zipo 140 chini ya kitanda, nyingine zimeanza kupata vidoa vya unyevu. Waliozinunua ni wateja wa zamani wa hoteli, madereva wawili wa teksi, na harusi moja ya Mji wa Kale iliyochukua 20 kwa sababu ya bi mkubwa. Hoteli zilipofunguliwa niliitwa tena, Shanzu ile ile, siku tatu kwa wiki, mshahara umepungua. Meneja ni mpya. Juzi alipita nyuma yangu na sahani akaninong'oneza nipandishe kidogo, meza ya tisa wanataka kusikia. Sikuwa nimeteremsha. Ni kwamba nilikuwa nikipiga ule wimbo wa bi mkubwa bila yeye, na mahali pake napaacha, kwa mazoea.

Nilimsimulia hayo Ijumaa nilipompelekea mgao wake, mdogo lakini upo. Alizihesabu akazifunga kwenye pembe ya leso. Kisha akaniambia ana shairi jingine tayari, na hili litakuwa katika Hijazi, ngazi nyingine ya noti, kwa sababu Hijazi noti zake zote zimo ndani ya vile vichuma vyangu.

"Sasa hutakuwa na udhuru," akasema. "Kidole kidogo ukilete."

Nimekaa na Hijazi hiyo wiki ya pili sasa. Noti zimo kweli, zote. Nazipiga kwenye gitaa la nailoni, usiku, taratibu, kwa dole gumba, maana watoto wamelala na jirani ana mtoto mchanga.